NJIA YA NYUMBU HAINA HATI

Na Katibu wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini hebu nikuulize: ufa ukiwa ndio mlango wa mtu, je, nao tuuzibe? Hapa kwetu, katika nyanda hizi za Kitengela na Isinya, tumeziba kila ufa na kuta tukajenga vilevile. Aliyekuwa akipita hapo sasa amekwama nje, anatutazama. Huyo ninayemsema ni mnyama wa porini.

Nitaanza na jambo nililoliona kwa macho yangu. Ilikuwa muhula wa tatu mwaka jana, wakati wa kiangazi, kabla mvua za vuli hazijaanza. Tulikuwa tukitoka prepu ya asubuhi tulipoona punda milia wapatao ishirini wamesimama nje ya ua wa shule, upande wa uwanja wa kandanda. Hawakuwa wakila. Walikuwa wamesimama tu, vichwa vimeelekea kaskazini, kama abiria waliofika stendi wakakuta matatu imeshaondoka. Mlinzi akawafukuza kwa rungu. Wakaenda mashariki, wakakuta seng'enge. Wakarudi magharibi, wakakuta ukuta wa mawe wa bwana mmoja aliyehamia juzi juzi. Kengele ikalia, nasi tukaingia darasani. Jioni tukasikia kwamba mmoja wao, mtoto, alinaswa kwenye waya akafia hapo hapo.

Wikendi ya kutembelewa nilimsimulia babu kisa hicho. Nilimwambia, "Babu, wanyama walipotea wakaja shuleni." Mzee akacheka kidogo, akasema, "Hawakupotea, mjukuu wangu. Hao walikuwa katika njia yao. Ninyi ndio mmejenga njiani."

Maneno hayo yamenikaa moyoni mpaka leo, nayo ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Wengi wetu tunadhani kwamba wanyama wana kwao, na kwao ni mbugani. Tukimwona mnyama barabarani tunasema ametoroka. Huo ni upungufu wa elimu. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1946, nayo ndiyo mbuga ya taifa ya kwanza hapa Kenya. Eneo lake ni kilomita mraba 117 tu. Upande wa kaskazini, mashariki na magharibi ina ua, kwa sababu huko kuna jiji, viwanda na barabara. Upande wa kusini, penye mto Mbagathi, iliachwa wazi. Haukuwa usahaulifu. Iliachwa wazi kwa sababu bila upande huo mbuga haiwezi kuishi.

Mambo yenyewe yako hivi. Mvua zinaponyesha, nyumbu na punda milia hutoka mbugani wakavuka mto, wakasambaa katika nyanda za Athi na Kaputiei. Huko nyasi ni fupi, zina madini mazuri, na hakuna vichaka vya kumficha simba. Nyumbu huzaa huko. Kiangazi kinapokuja, maji yakikauka, wanarudi mbugani penye mto na mabwawa. Kwa hiyo mbuga ni nyumba ya kiangazi, na nyanda zetu ni nyumba ya masika. Ukimfungia nyumbu katika nyumba moja, umemnyima nusu ya chakula chake cha mwaka mzima. Jirani zetu wa Tanzania wana neno zuri la njia kama hiyo. Wanaiita ushoroba. Sisi tumezoea kusema njia ya wanyama, lakini jina si kitu. Kitu ni kwamba mnyama apite.

Je, sasa anapita? Hesabu za wataalamu zinatia huzuni. Mwaka 1978 nyumbu wa nyanda hizi walikuwa zaidi ya 25,000. Kufikia mwaka 2011 hawakufika hata 5,000. Na tusidhani ni hapa petu peke yake. Watafiti waliopitia hesabu za wanyama katika maeneo ya malisho ya Kenya nzima walikuta kwamba kati ya mwaka 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa asilimia 68 kwa wastani. Katika kila wanyama watatu, wawili hawapo. Na jambo la kushangaza ni kwamba mwaka huo wa 1977 ndio serikali ilipopiga marufuku uwindaji. Kwa hiyo bunduki peke yake si jibu. Kuna kitu kingine kinachowamaliza, nacho hakitoi mlio.

Kitu hicho ni mstari. Naam, mstari wa soroveya katika ramani.

Zamani nchi hii ilikuwa ya malisho, haina mipaka ila mito na vilima. Sheria ya mwaka 1968 ikaleta ranchi za pamoja, jamaa wengi wakimiliki ardhi moja chini ya viongozi wao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ranchi ya Kitengela ikagawanywa, kila mwanachama akapewa kipande chake na hati yake. Babu yangu alipata ekari tisini. Wazee walifurahi sana, na walikuwa na haki ya kufurahi, kwa maana walikuwa wameona ardhi nyingine za Wamaasai zikichukuliwa wakiwa hawana hata karatasi ya kuonyesha.

Lakini baada ya hati kukaja dalali. Kiwanda kikajengwa Athi River, nyingine zikafuata, barabara ya Namanga ikajaa magari, na watu wa Nairobi wakatafuta mahali pa bei nafuu pa kujenga. Leo mji wa Kitengela, ambao babu anaukumbuka ukiwa maduka machache na kichinjio, una watu zaidi ya 150,000 kwa hesabu ya mwaka 2019. Ekari mia zikawa kumi, kumi zikawa moja, moja ikawa ploti nane za hamsini kwa mia. Na kila mwenye ploti, kabla ya kujenga hata choo, kwanza hupiga ua.

Hapa, msomaji, lazima niseme ukweli hata kama unaniuma. Mimi ni mmoja wa walioziba njia ya nyumbu. Baba alirithi ekari thelathini. Nilipoitwa kujiunga na kidato cha kwanza, aliuza ekari mbili. Nyingine mbili alikuwa ameuza mama alipolazwa. Sanduku langu la bati, godoro, sare na vitabu vya muhula wa kwanza vilitoka katika ekari hizo, ambazo leo zimezungushiwa waya na hakuna anayeishi ndani. Baba si mtu mbaya. Hakuna hata mmoja aliyekaa chini akaamua kuwamaliza nyumbu. Mmoja aliuza kwa ajili ya karo, mwingine kwa ajili ya hospitali, mwingine ukame ulimaliza ng'ombe wake. Haba na haba hujaza kibaba; na waya kwa waya umefunga nchi nzima.

Na hilo ndilo ninalotaka kulisema katika makala haya. Njia ya nyumbu inapita katika ardhi ya mamia ya watu. Kila mtu ana hati ya kipande chake, lakini hakuna mwenye hati ya njia. Baba akiamua kutouza, na jirani akauza, njia imefungwa vilevile. Watu tisa wakiacha wazi na wa kumi akapiga ua, wale tisa wamepata hasara bure. Kwa hiyo kuwahubiria watu mmoja mmoja wapende wanyama ni kazi bure. Kinachotakiwa ni mpango mmoja wa matumizi ya ardhi kwa eneo zima, ambao utasema mapema: hapa ni mji, hapa ni kilimo, hapa ni malisho na njia ya wanyama. Na yule ambaye ardhi yake imeangukia njiani alipwe kwa kuiacha wazi.

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Tuzitazame.

Kwanza, kuna wasemao, "Pigeni ua mbuga yote, wanyama wabaki ndani, watu nje, mambo kwisha." Hata rasimu ya mpango wa mbuga ya mwaka 2020 iligusia ua upande wa kusini, na ubishi uliozuka si mchezo. Sikatai kwamba simba ni hatari. Mwezi wa Juni 2012 simba sita waliuawa na wananchi hapa Kitengela baada ya kuingia zizini na kuua mifugo. Machi 2016 simba mmoja aliyejulikana sana, Mohawk, alitoka mbugani akafika karibu na Isinya, akamjeruhi mtu, kisha askari wa wanyamapori wakampiga risasi. Mtu aliyeamka asubuhi akakuta mbuzi wake kumi wamelala chini hawezi kuimbiwa nyimbo za utalii. Lakini ukifunga kilomita mraba 117 pande zote, umefanya bustani ya wanyama. Nyumbu watamaliza nyasi, watazaliana ndugu kwa ndugu, na itabidi kila mwaka watu wa kuwahesabu na kuwapunguza. Simba naye akikosa nyumbu ataruka ua aje kwa mbuzi. Kwa zizi kuna njia nyingine. Richard Turere, mtoto wa hapa hapa Kitengela, alikuwa na miaka 11 tu alipobuni taa zinazowaka na kuzima kuzunguka zizi la baba yake, simba akidhani mtu anatembea na tochi. Mwaka 2013 alialikwa Marekani kueleza uvumbuzi wake. Basi tuzungushie uzio zizi, tusizungushie nchi.

Pili, kuna wasemao, "Ardhi ni yangu, hati ninayo, hakuna wa kunipangia." Hili nalo nalielewa. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2010, pamoja na kulinda mali ya mtu, inasema katika kifungu cha 66 kwamba serikali inaweza kuweka masharti juu ya matumizi ya ardhi yoyote kwa manufaa ya umma, na mpango wa ardhi umetajwa humo. Hata mjini, ukiwa na ploti yako huruhusiwi kujenga kiwanda cha ngozi kando ya zahanati. Hakuna anayesema ameporwa haki. Mbona basi njia ya wanyama iwe ndiyo dhuluma?

Tatu, kuna wasemao, "Wanyama ni mali ya serikali na wazungu wa hoteli. Mimi napata nini?" Hii ndiyo hoja kubwa kuliko zote, na mimi sina jibu la kuifuta. Mwenye ardhi anawalisha wanyama bure. Punda milia wanakula nyasi za ng'ombe wake. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 imeahidi fidia, hata shilingi milioni tano kwa jamaa ya aliyeuawa na mnyama, lakini kila mtu hapa anamjua mtu anayengoja fidia mwaka wa pili au wa tatu. Ahadi ni deni, na deni hili limechakaa.

Hata hivyo, njia ya kulipa ilishajaribiwa hapa hapa. Mwaka 2000 ulianza mpango wa kukodisha ardhi kwa ajili ya wanyama. Mwenye ardhi alilipwa dola nne kwa ekari moja kwa mwaka. Masharti: asipige ua, asilime, asiuze, asiruhusu ujangili. Na walioupanga walikuwa na akili: malipo yalitolewa mara tatu kwa mwaka, shule zinapokaribia kufunguliwa. Walijua kwamba adui wa nyumbu si bunduki, ni karo! Familia nyingi zilijiunga, na ardhi nyingi ikabaki wazi.

Lakini tufanye hesabu kama wanafunzi. Ekari thelathini mara dola nne ni dola 120 kwa mwaka. Hiyo haitoshi karo ya mtoto mmoja wa bweni. Tena fedha zilitegemea wafadhili, na mfadhili akichoka, mwenye ardhi anabaki na ardhi wazi na mfuko mtupu. Kwa hiyo funzo ni mawili: malipo yanafanya kazi, lakini yasiwe madogo wala yasiwe ya kuombaomba.

Na mpango wa ardhi je? Huo nao ulikuwako. Watafiti pamoja na wenyeji wenyewe walitembea nyanda hizi wakichora ramani ya kila ua. Baadaye ukatungwa mpango wa Kitengela, Isinya na Kipeto, ukazinduliwa mwaka 2011 wakati wa baraza la zamani la Olkejuado. Ulitenga pa mji na pa malisho na wanyama. Ulikuwa mpango mzuri. Mwaka 2013 baraza likaondoka, kaunti ikaingia, na ploti zikaendelea kukatwa kama mkate. Tukaona kwamba mpango usio na mlinzi ni karatasi tu.

Ili usidhani nasema mambo ya ndoto, nitakupa mifano miwili kutoka kwingine hapa nchini.

Wa kwanza ni Mlima Kenya. Ndovu wa mlima ule na wale wa Lewa walikuwa wametenganishwa na mashamba ya ngano na barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru. Wenye mashamba, wahifadhi na serikali wakakubaliana ukanda wa kilomita kama 14, wakauwekea nyua pembeni, na chini ya barabara wakajenga njia ya kupitia ndovu. Siku ya kwanza ya mwaka 2011 ndovu wa kwanza akapita. Magari yanapita juu, ndovu anapita chini, na mkulima wa kando analala usingizi kwa sababu ndovu haingii tena shambani. Angalia: walipanga kwanza, ndipo wakapiga ua. Ua wenyewe si dhambi. Dhambi ni ua usio na mpango.

Wa pili ni Kimana, kaunti yetu hii hii ya Kajiado, upande wa Amboseli. Huko ndovu hutoka Amboseli kupitia njia nyembamba kwenda Chyulu na Tsavo. Mwaka 2020 shamba la maparachichi la ekari 180 lilianzishwa karibu na njia hiyo na kupigwa ua. Mwenye shamba alikuwa na hati na alikuwa amepewa kibali. Majirani na wahifadhi wakalalamika, wakashika mpango wa usimamizi wa eneo la Amboseli uliosema pale ni pa mifugo na wanyama, si pa kilimo. Kibali kikafutwa. Waliotetea njia hawakuwa na bunduki wala hawakung'oa miparachichi usiku. Walikuwa na mpango ulioandikwa. Hata hivyo mwenye shamba alikuwa ameshatumia fedha zake, na ubishi ulikuwa mchungu. Tahadhari kabla ya hatari: mpango ujulikane kabla mtu hajanunua.

Basi, tufanye nini?

Kwanza, kaunti zikae pamoja. Mnyama anayetoka mbugani yuko Nairobi asubuhi, mchana yuko Kajiado, kesho yuko Machakos. Kila kaunti ikichora ramani yake peke yake, njia itakatika mpakani. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inaruhusu kaunti kutunga mpango wa pamoja. Ruhusa ipo, kinachokosekana ni nia.

Pili, njia ichorwe na wanaoijua. Wazee kama babu na wachungaji wanajua nyumbu anavukia wapi mto. Waulizwe kabla hawajatuacha.

Tatu, ramani ibandikwe kwa chifu, sokoni na katika ofisi ya ardhi, kwa Kiswahili na Kimaasai, ili anayenunua ploti njiani asije akasema hakujua.

Nne, malipo ya kuacha ardhi wazi yatoke katika mapato ya mbuga na bajeti ya serikali, si katika kapu la mfadhili. Jiji la Nairobi linajivunia mbele ya dunia nzima kuwa na simba kando ya maghorofa. Simba huyo amelishwa na nyasi za baba yangu. Jiji lichangie.

Tano, sisi wanafunzi. Ua wetu wa upande wa uwanja unapakana na kipande kisichojengwa. Naomba usimamizi wa shule, kwa heshima zote, usogeze waya ule ndani hatua chache, na waya wa chini uondolewe. Uwanja hautapungua. Ni jambo dogo, lakini hatuwezi kuandika insha za mazingira na kupata alama nzuri, huku mtoto wa punda milia anafia katika waya wetu.

Namalizia kwa neno moja kwa baba, kwa maana najua siku ya wazazi atanunua gazeti hili na kulisoma mpaka mwisho. Baba, nasikia dalali amerudi, anataka zile ekari kumi za kando ya kijito. Nasikia pia kwamba ni kwa ajili ya karo yangu na ya wadogo zangu. Sina haki ya kukulaumu, kwa sababu nimekula matunda ya zile za kwanza. Nakuomba tu usubiri, uwaulize majirani wa kijito chote, mkae chini ya mti kama mlivyokuwa mkikaa wakati wa ranchi, muamue kwa pamoja kabla kila mtu hajaamua kivyake. Mkiamua kuuza mtakuwa mmeamua. Lakini isiwe kwamba njia ilifungwa na watu ambao hakuna hata mmoja wao aliyetaka ifungwe.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ndiye mimi ninayeandika haya. Wasalaam.